Punguza haraka nyumbani: maazimio ya kulea kwa subira na kutunza mazingira

Zichunguze saa ambazo wazazi wa mjini hufoka sana. Utakuta ndizo saa ambazo nyumba zao hutumia mkaa mwingi na plastiki nyingi. Ni kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Mzazi ameshuka daladala amechoka, maharage ndiyo kwanza yanabandikwa, mtoto ana njaa, sare ya kesho haijafuliwa. Mkaa unaongezwa ili chakula kiwahi. Mmoja anatumwa chipsi, zinarudi ndani ya mfuko. Bomba linaachwa wazi huku mtu amekimbilia sufuria inayofurika. Mtoto aliyemwaga uji anapata karipio kubwa kuliko kosa lake.

Kwa hiyo sina imani na azimio la "mwaka huu nitakuwa mvumilivu", wala la "mwaka huu tutatunza mazingira". Yote mawili yanavunjwa na haraka, na haraka haiondoki kwa nia njema. Inaondoka mtu akibadilisha mpangilio wa kazi za nyumbani. Mwongozo huu ni kwa familia ya kawaida ya Dar es Salaam, au ya mji wowote unaofanana nayo: vyumba viwili vitatu, umeme wa LUKU, mtungi wa gesi na jiko la mkaa pembeni, watoto kadhaa, pengine dada wa kazi, pengine bibi aliyekuja kukaa.

Usianze Januari. Januari ina ada, sare, madaftari na kodi, na hakuna azimio linaloota mizizi katika mwezi ambao wazazi hawalali vizuri. Anzeni Februari, au wiki moja baada ya Idi au Pasaka, mambo yakishatulia.

Hatua ya kwanza: itafute saa ngumu ya nyumba yako

Kwa wiki nzima usibadilishe chochote. Ning'iniza daftari jikoni pamoja na kalamu yake. Kila sauti inapopanda, andika saa, kilichokuwa kikiendelea, na nani alikuwa na njaa au usingizi. Usiandike nani mwenye kosa. Daftari likigeuka kitabu cha mashtaka, hakuna atakayeligusa tena. Andika pia uniti za LUKU za Jumatatu asubuhi na zilizobaki Jumapili usiku, visado vya mkaa mlivyonunua, na mara ambazo ndoo ya taka imejaa.

Mwisho wa wiki jibu litakuwa wazi. Nyumba moja itaona kwamba ugomvi wote uko alfajiri, gari la shule likipiga honi. Nyingine itaona ni wakati wa kuoga. Kwa nyingi ni saa ya kupika chakula cha usiku, na ndiyo maana nitakaa jikoni muda mrefu kuliko kwingine.

Hatua ya pili: kaeni wote, mwandike maazimio matatu tu

Wote ni pamoja na dada. Katika nyumba nyingi ndiye anayewasha jiko, anayefua, anayetupa taka na anayeshinda na mtoto mdogo mchana kutwa. Azimio lililopangwa sebuleni bila yeye linakufa jikoni, na kosa halitakuwa lake. Aulizwe kitu gani kinamchelewesha, na akisema, asikilizwe. Mara nyingi atataja jambo ambalo wenye nyumba hawalijui: sufuria haina mfuniko unaoenea, kisu ni butu, maji yanatoka saa ambayo mtoto naye anataka kulala. Kununua mfuniko mmoja kunaweza kupunguza mkaa kuliko hotuba ndefu juu ya misitu. Naye pia anachoka na kukasirika. Ukitaka asimfokee mtoto, mpe saa yake ya kupumzika mchana, na wewe usimfokee yeye mbele ya mtoto.

Andikeni azimio moja la jikoni, moja la taka au maji, na moja la sauti. Kila moja lifungwe kwenye jambo ambalo tayari mnalifanya kila siku, hivi:

"Tukimaliza kula usiku, maharage ya kesho yanalowekwa."

"Kabla ya kutoka kwenda sokoni, kapu linachukuliwa."

"Mama au baba akiingia kutoka kazini, anakaa na watoto dakika kumi kabla ya kugusa kitu kingine."

Hilo la mwisho ndilo ningeanza nalo kama ningeruhusiwa moja tu. Mtoto aliyekungoja tangu mchana atakutafuta tu, utake usitake. Usipompa dakika kumi mwanzoni, atazichukua vipande vipande wakati umeshika mwiko: atavuta kanga, atamchokoza mdogo wake, atamwaga kitu. Kaa chini, simu ibaki kwenye mkoba, itikia shikamoo yake bila haraka, akuonyeshe daftari lake. Kisha ingia jikoni. Na ukute jikoni kazi kubwa imeshafanyika, jambo linalotupeleka kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: chakula cha jioni kianze jana yake

Maharage, choroko, kunde na makande ndivyo vinavyokula mkaa na muda. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, suuza, na muda wa kuchemsha unapungua sana. Sijui hatua nyingine isiyo na gharama yoyote inayosaidia misitu na utulivu wa jioni kwa pamoja namna hii. Mkaa wa Dar es Salaam unatoka Pwani, Morogoro, Tanga, Lindi na kwingineko, na sehemu kubwa huchomwa kwenye matanuri ya kienyeji ya kufukia kwa udongo. Kilo moja ya mkaa kwa njia hiyo hula kilo tano za kuni na zaidi, pengine hata kumi. Saa moja ya moto uliyookoa jikoni kwako ni matawi yaliyobaki mtini Kisarawe.

Baada ya kuloweka, tazameni chombo cha kupikia. Kama mna uwezo wa kukusanya pesa kidogo kidogo, jiko la presha la umeme lina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaliogopa kwa sababu ya LUKU, lakini sufuria ya maharage yaliyolowekwa haimalizi hata uniti moja, kwa kuwa jiko likishapata presha hukata umeme lenyewe na kuendelea kuivisha kwa joto lililofungiwa ndani. La kuangalia ni jingine: kama mpo kwenye daraja la nafuu la wanaotumia uniti 75 kwa mwezi, hesabuni msilivuke, maana uniti za juu ya hapo zina bei tofauti kabisa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Familia haina haja ya kungoja mwaka huo, wala haina haja ya kuacha mkaa siku moja. Hamisheni kwanza vile vinavyochemka muda mrefu. Kitumbua na chapati vinaweza kusubiri.

Kwa wasio na uwezo wa jiko hilo kuna kapu la joto, na nalipenda kwa sababu watoto wanaweza kulitengeneza. Chukua kapu kubwa la ukindu au ndoo pana. Tandika chini na pembeni blanketi kuukuu, kanga zilizochakaa, au mito miwili iliyojazwa pamba, kiasi kwamba sufuria ikiingia inabana pande zote. Chemsha chakula, funika kwa mfuniko unaoenea, ingiza kwenye kapu, funika kwa mto mzito, na usifunue. Mchele uliochemka dakika tano utaiva humo kwa muda wa saa moja hivi, hauungui wala hautaki mtu wa kuulinda. Maharage yaliyolowekwa yachemke nusu saa, yakae kapuni saa mbili au tatu, kisha yarudi motoni kidogo wakati wa kuunga.

Tahadhari mbili hapa, na msizipuuze. Maharage, hasa yale mekundu, lazima kwanza yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili, kwa sababu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu. Joto la kapu peke yake haliiondoi. Na chakula kisilale kapuni mpaka asubuhi. Kikishapoa na kuwa vuguvugu, vijidudu huzaliana.

Nyumba yenye kapu la joto ina kitu ambacho jiko la mkaa haliwezi kutoa: nusu saa tupu kabla ya kula. Itumieni kuogesha watoto bila kukimbizana.

Hatua ya nne: mpe mtoto kazi, na uikubali kasi yake

Hapa ndipo wazazi wengi tunapokwama, kwa sababu mtoto akisaidia kazi inachukua muda maradufu. Dawa yake ni kuchagua saa. Usimfundishe kazi mpya katika ile saa ngumu mliyoiona kwenye daftari. Mfundishe Jumamosi asubuhi, na jioni afanye tu ile aliyoizoea.

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuosha mchicha kwenye beseni na kupeleka maganda kwenye ndoo ya mboji. Wa miaka sita anaweza kuchagua mchele na kumwagilia bustani kwa kopo. Wa miaka kumi asome mita ya LUKU kila jioni na kuandika daftarini, na akiweza kuzidisha na kutoa, apige hesabu ya wiki mwenyewe. Akishamaliza kazi yake, usiirudie mbele ya macho yake. Mchele wenye chuya mbili tatu unaweza kuchaguliwa tena akiwa nje anacheza.

Kwa bustani, anzeni na gunia moja la salfeti. Changanyeni sehemu mbili za udongo na moja ya mboji au samadi iliyooza. Simamisheni kopo kubwa lililokatwa kitako na mfuniko katikati ya gunia, mlijaze kokoto, mjaze udongo kulizunguka, kisha mlivute juu na kurudia mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto inashusha maji mpaka chini. Toboeni pembeni matundu, mchomeke vipande vya matembele, na juu mmwage mbegu za mchicha. Mchicha huchipua ndani ya siku chache na huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na hiyo ndiyo sababu naupendekeza kwa watoto. Mti wa mwembe ni mzuri, lakini mtoto wa miaka mitano hawezi kuungoja. Anaweza kuungoja mchicha. Kila asubuhi atataka kwenda kuangalia, na wewe utajifunza kusimama naye pale dakika moja bila kumvuta mkono.

Maji ya bustani hiyo hayahitaji kutoka bombani. Yaliyooshea mchele na mboga yanatosha.

Hatua ya tano: kapu mlangoni, na ndoo tatu za taka

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Ikaja mifuko mbadala, na watu wakaona kazi imekwisha. Lakini mingi ya ile inayoonekana kama kitambaa nayo ni plastiki, na ikitumika mara moja na kutupwa hatujasonga mbele sana. Kapu la ukili lining'inie kwenye msumari karibu na mlango, mahali mtu hawezi kupita bila kuliona. Ndani yake kuwe na chombo chenye mfuniko cha kuwekea nyama au samaki. Kumtuma mtoto dukani na chupa tupu ya mafuta ili ijazwe tena ni jambo ambalo bibi zetu walilifanya kila siku. Mwambieni bibi awasimulie watoto.

Ndoo ya kwanza ni ya maganda, mabaki ya mboga, majani ya chai na maganda ya mayai. Toboeni chini, na kila mnapoweka maganda funikeni kwa majani makavu au maranda. Nyama, samaki na mafuta visiingie, vinavuta panya. Ikinuka ina maji mengi, ongezeni vikavu na mgeuze. Baada ya miezi miwili au mitatu mna mboji. Ndoo ya pili ni ya chupa na makopo, kwa ajili ya wale wanaopita mtaani kuokota na kuuza. Wapewe vikiwa safi na kwa heshima, maana wanafanya kazi inayoupunguzia mzigo mji mzima. Ya tatu ni ya vinavyobaki, na mtashangaa jinsi inavyochelewa kujaa. Msichome plastiki uani. Moshi wake una sumu, na watoto ndio wanaocheza karibu nao zaidi.

Kuhusu pampasi, sitamwambia mama mwenye mtoto mchanga aziache. Mama huyo anahitaji usingizi kwanza. Njia inayodumu ni ya katikati: nepi za kitambaa mchana mkiwa nyumbani, pampasi usiku na safarini. Hiyo peke yake inaondoa nyingi kwenye taka na kwenye bajeti.

Hatua ya sita: maji

Mswaki kwa kikombe, kuoga kwa ndoo na kopo, bomba linalodondoka litengenezwe wiki hiyo hiyo. Masika yakija, vuneni maji ya paa. Hesabu yake ni rahisi na mtoto wa darasa la tano ataifurahia: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 400, yaani madumu ishirini. Maji ya mwanzo yaachwe yaoshe paa. Mapipa na madumu yafunikwe barabara, kwa sababu mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na Dar es Salaam inaikumbuka dengi ya 2019.

Hatua ya saba: hasira inapopanda

Hata jioni ikipangwa vizuri, kuna siku itaharibika. Kabla ya kusema neno, jiulize: ana njaa, ana usingizi, au ananitafuta? Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala jumla ya saa 10 hadi 13 kwa siku, na wengi wa mjini hawazipati. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomsaidia mtu kujizuia, huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Wa miaka miwili anayejitupa sakafuni hakufanyii makusudi. Ameishiwa uwezo.

Msogelee, inama, mwite jina, mpe agizo moja. Kupiga kelele maagizo manne ukiwa jikoni kunamfanya asilisikie hata moja. Mpe taarifa kabla ya kumkatisha: "Ukimaliza kupanga vizibo hivyo, tunaenda kuoga." Mpe machaguo mawili ambayo yote wewe unayakubali. Kama umeshachemka, kunywa maji taratibu, au umkabidhi mwenzako kwa neno mlilokubaliana. "Nakuachia" linatosha, na anayeambiwa hivyo asiulize maswali, achukue zamu.

Wapo wanaodhani kulea kwa subira ni kumwachia mtoto kila anachotaka. Mtoto akililia wembe humpi. Subira ni kusema hapana kwa sauti ya kawaida, kisha kukaa naye wakati analia.

Na kiboko kisiwe sehemu ya nyumba hii. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walipigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Tumezoea mno. Mzazi anayeona mkono unamtangulia, au jirani anayesikia mtoto akiumizwa, anaweza kupiga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo.

Ukishafoka, rudi. Usingoje kesho. Sema kilichotokea, wajibu wako, na kazi iliyobaki: "Nilikupigia kelele, haikuwa sawa. Uji umemwagika, twende tuufute." Usiongeze "lakini na wewe". Kuomba radhi hakukushushii heshima. Mtoto ataiga namna hiyo hiyo kwa mdogo wake, pengine kabla wiki haijaisha.

Hatua ya nane: fungueni daftari kila mwisho wa mwezi

Linganisheni uniti, visado vya mkaa, ndoo za taka, na jioni ambazo hakuna aliyefoka. Pesa iliyookolewa isimezwe na matumizi mengine bila watoto kuiona. Inunuliwe kitu chao, mpira au safari ya kivuko kwenda Kigamboni. Azimio ambalo mwezi mzima halikushika lipunguzwe ukubwa badala ya kusisitizwa kwa nguvu. Kama kuloweka kila usiku kumeshindikana, iwe Jumapili na Jumatano. Lililoshika liacheni lilivyo, msiligeuze kuwa kubwa, na nafasi yake kwenye karatasi ichukuliwe na jingine. Likizo za Juni na Desemba zina ratiba tofauti kabisa, wageni na safari za mikoani, kwa hiyo siku ya kwanza ya likizo tafuteni upya saa ngumu, maana itakuwa imehama.